Fundi Anajibu: Kompyuta inazima saa saba mchana

Barua nyingi za safari hii zinahusu joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Huku pwani tumeingia miezi ya jua kali, na mashine zilizovumilia tangu Juni sasa zinagoma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika ameshalipa fedha mara mbili kwa tatizo ambalo hakuna fundi aliyelipima.

*Shikamoo mama fundi. Nina duka la steshenari hapa Handeni mjini. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua ikiwa imetumika. Ina kibandiko cha Core i5 na fundi aliniambia ni 3470. Asubuhi inafanya kazi vizuri. Ikifika saa saba, saa nane mchana inazima ghafla, tena wakati wateja wamejaa na natoa picha za pasipoti. Nikiwasha inakubali, halafu baada ya muda mfupi inazima tena. Fundi wa kwanza alibadilisha pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Wa pili akapiga Windows upya. Huyu wa tatu anasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, nitafute nyingine. Kasha nimeliweka ndani ya kabati la meza na mlango naufunga, maana barabara yetu ina vumbi jingi. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha nyingine. — Mwenye duka, Handeni*

Marahaba mwanangu. Mazabodi usinunue. Fedha hiyo iweke kwanza, tufuate dalili ulizoziandika mwenyewe, maana barua yako imesema mengi kuliko mafundi wote watatu.

Mazabodi mbovu haijui saa. Ingekuwa imekufa, ingekuzimikia saa mbili asubuhi, ingekuzimikia usiku, ingekataa hata kuwaka. Yako inazima mchana, kazi ikiwa nyingi, na ukiiwasha kabla haijapoa haikai. Hiyo ni tabia ya joto. Chumba chenye nyuzi 24 asubuhi kinaweza kufika 33 au 34 mchana chini ya bati. Feni ya prosesa haitengenezi baridi, inapuliza tu hewa iliyopo. Kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi kumi juu ya pale ilipokuwa. Mashine iliyokuwa inahema tangu asubuhi, ikiongezewa kumi, inavuka mpaka. Nawe umeifungia kabatini, ambako hewa iliyotoka na moto inarudi kuvutwa tena na feni ileile.

Prosesa yako ilitoka mwaka 2012, ina viini vinne, yaani sehemu nne za kuchakata kazi, na kiwandani imekadiriwa wati 77. Umeme wote unaoingia humo mwisho wake ni joto, na joto hilo lina njia moja tu ya kutokea. Linatoka kwenye kipande cha silikoni, linapita kifuniko cha chuma, linapita pesti, ile grisi ya kijivu, linaingia kwenye kipoozeo, yaani lile bonge la alumini lenye mapezi. Feni inalisukuma nje ya mapezi, kisha hewa ya moto lazima itoke kwenye kasha, itoke na kabatini. Kazi ya fundi ni kutembea njia hiyo hatua kwa hatua mpaka apate mahali palipoziba. Kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine ukiomba Mungu kimojawapo kiwe ndicho, huko ni kumalizia mteja mtaji wake, na huwa inaniuma kuona mtu wa duka dogo anafanyiwa hivyo.

Anza kwa kupima. Pakua programu ya HWMonitor kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, CPUID. Ni ya bure. Ukiifungua utaona jina la prosesa yako, na chini yake joto la kila kiini katika safu tatu: la sasa, la chini kabisa lililowahi kufikiwa na la juu kabisa. Iache wazi ukifanya kazi zako za kawaida. Andika namba kwenye daftari saa tatu asubuhi, andika tena saa saba mchana. Kwa prosesa ya aina yako, ikiwa imepumzika, nyuzi 35 hadi 50 ni sawa kwa hali ya hewa yetu. Kazini 60 hadi 80 si neno. Ikikaa juu ya 90 kwa muda, kuna kitu kimeziba. Ikikaribia 105 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na joto likizidi kupanda, ulinzi wa dharura unakata umeme papo hapo bila kuaga. Ndiyo maana huoni ujumbe wowote kwenye skrini.

Nikuonye jambo moja hapa. Ukiwasha tena, Windows huandika kwenye kumbukumbu zake tukio linaloitwa Kernel-Power 41, na wapo mafundi wanaomwonyesha mteja neno hilo "Power" na kumwambia, unaona, pawasaplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Halisemi sababu. Inaweza kuwa pawasaplai, inaweza kuwa TANESCO wamekata, inaweza kuwa joto. Kipimo cha haraka zaidi ni hiki: ikizima, iwashe hapohapo na uingie BIOS, ile programu ya msingi inayotangulia Windows (kwenye mashine nyingi ni F2, Delete au F10), utafute ukurasa wenye joto la prosesa. Ukikuta 80 au 90 na mashine ndiyo kwanza imewaka, umempata mhalifu. Ukikuta 45, basi joto la prosesa si tatizo lako, na hapo ndipo pawasaplai inastahili kushukiwa.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji hata bisibisi. Chukua programu ya CPU-Z, ni ya haohao CPUID. Fungua sehemu ya Bench, bonyeza Stress CPU. Hapo prosesa inapewa kazi ya nguvu zake zote. Tazama HWMonitor na saa ya ukutani kwa pamoja, uangalie joto linapanda kwa mwendo gani.

Likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, kipoozeo hakigusani vizuri na prosesa. Joto linazalishwa lakini haliondoki pale lilipozaliwa. Ama pesti imekauka, ama kipoozeo kimelegea upande mmoja. Likipanda taratibu, dakika kumi, dakika kumi na tano, hadi likafika huko juu, mgusano ni mzima ila hewa haitoshi: vumbi, feni iliyochoka, au kabati. Ukitaka kuhakikisha, zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, ugusie kipoozeo kwa ncha ya kidole kwa tahadhari. Kipoozeo cha vuguvugu tu, ilhali programu ilisema prosesa ina nyuzi 98, maana yake joto halikukifikia. Kipoozeo kinachochoma maana yake joto limefika na limekosa pa kwenda. Kidole chako kimeshakuambia ni nusu ipi ya njia uishughulikie.

Kwa maelezo yako, nategemea yako itakuwa ya kupanda taratibu. Kwa hiyo tuanze na vumbi.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Lipeleke kasha nje, kibarazani. Fungua ubavu. Utaona feni juu ya kipoozeo. Wengi hupuliza kwa juu, vumbi linaruka, wanafurahi, wanafunga. Vumbi lenyewe halipo hapo. Liko kati ya feni na mapezi, limeshikana na kuwa kipande cha blanketi, na huwezi kuliona mpaka uing'oe feni. Kwenye mashine nyingi za ofisini feni inashikwa na skrubu nne ndogo au vibanio. Ing'oe, toa blanketi hilo kwa mkono, kisha pitisha brashi kavu ya rangi, ile ya inchi moja, katikati ya mapezi. Ukipuliza kwa blowa, zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Blowa inaweza kuzizungusha kuliko uwezo wake na kuharibu beringi, na mota ikizungushwa kwa nguvu huzalisha umeme unaoweza kurudi kwenye mazabodi. Kompresa ya gereji ya matairi usiitumie kabisa. Ndani ya tangi lake kuna maji na mafuta, navyo vinatoka na upepo.

Zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa iende yenyewe kidogo kabla ya kusimama. Ikikwama, au ikitikisika kwenye ekseli, badilisha. Najua tone la mafuta ya cherehani huifufua. Litakuvusha mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi ya hapo. Ukienda dukani chukua na feni yenyewe mkononi, ulinganishe upana, unene, na idadi ya matundu kwenye plagi. Plagi ya waya nne inaruhusu mazabodi kuongeza na kupunguza kasi. Ya waya tatu huenda ikalia kwa kasi ileile siku nzima.

Ukifika hapa, washa na upime tena kabla ya kugusa kitu kingine. Nasisitiza hili, mwanangu. Ukisafisha vumbi, ukabadilisha pesti na ukaondoa kabati siku moja, hutajua kipi kilikuponya, na likirudi tatizo utaanza upya.

Ikiwa bado iko juu, twende kwenye pesti. Mashine ya mwaka 2012 ambayo haijawahi kufunguliwa, pesti yake mara nyingi imeshakuwa unga. Kifuniko cha prosesa na uso wa kipoozeo vinaonekana laini, lakini vina mikwaruzo na mabonde ambayo jicho haliyaoni, na mabonde hayo hukaa hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Pesti inajaza mabonde hayo, basi. Yenyewe inapitisha joto vizuri kuliko hewa, lakini vibaya mno kuliko chuma, ndiyo maana ikipakwa nene inageuka kizuizi.

Legeza skrubu za kipoozeo kwa mkingamo: kona hii kidogo, kisha ya upande wa pili. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili. Ukikosa, spiriti ya duka la dawa inafaa, ila soma chupa kwanza isiwe imechanganywa na mafuta. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ndogo ya mbaazi. Usiisambaze, uzito wa kipoozeo utaisambaza. Rudisha kipoozeo kikiwa sawa, kaza tena kwa mkingamo, nusu kwanza, kisha mpaka mwisho. Kama chako ni kile cha pini nne za plastiki, pindua kasha uangalie nyuma ya mazabodi: pini zote nne ziwe zimetokeza sawasawa. Pini moja ikiwa nje, kona moja ya kipoozeo imeinuka, na hiyo peke yake yatosha kuzima kompyuta. Mashine zilizosafirishwa kwa basi kutoka Dar huja kwangu na kosa hili mara kwa mara.

Kuhusu kabati, ufunge mlango ukimaliza kazi, ukianza kazi kasha litoke nje. Liweke juu ya meza au kibao, si sakafuni kwenye vumbi, na nyuma yake uache kiganja kizima mpaka ukutani. Na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kufunikia vyombo vyetu, kifunike mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Safisha kila baada ya miezi mitatu, maana Handeni naijua na vumbi lake.

Ukifanya haya yote na HWMonitor ikakaa chini ya 80 mchana kutwa lakini mashine bado inazima, niandikie tena pamoja na namba ulizoandika daftarini. Hapo tutazungumza habari nyingine, pamoja na umeme wa ukutani.

*Shikamoo mama. Nasoma chuo Dodoma. Laptopu yangu ina prosesa ya Core i5-8250U. Nikifungua programu ya takwimu huku niko kwenye kipindi cha video, joto linafika nyuzi 97, feni inapiga kelele, halafu kila kitu kinakuwa kizito. Mwenzangu wa bwenini ameniambia niifungue nipake dawa ya meno badala ya pesti, eti inapoza. Nifanye? Na je, itaungua? Huwa naitumia kitandani. — Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Dawa ya meno usipake. Ni kweli siku ya kwanza joto litashuka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Dawa ya meno ina maji na unga wa kusugulia. Maji yakishakauka kwa joto la prosesa unabaki unga mkavu wenye nyufa, na nyufa hizo zinajaa hewa uliyokuwa unaikimbia. Juu ya hayo umeweka kitu chenye unyevu karibu na saketi. Nimeshakwangua ukoko huo kwenye laptopu za wanafunzi, na kila mara mwenye laptopu alikuwa ameokoa fedha ndogo sana. Bomba dogo la pesti halisi ni kitu unachoweza kuchanga na mwenzako huyohuyo, likawatosha wote wawili.

Kuungua, ondoa hofu. Prosesa yako ina mpaka wa nyuzi 100 na inajilinda. Ile hali ya kila kitu kuwa kizito ndiyo ulinzi wenyewe: imekata kasi ili joto lipungue. Zamani haikuwa hivyo kwa zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya kompyuta ziking'olewa vipoozeo zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ya AMD ya wakati ule ikatoa moshi na kufa. Siku hizi kampuni zote mbili zinaweka kinga ndani ya prosesa. Ila kujikinga si kupona. Ukiiacha inahema hivyo mwaka mzima, feni itachoka mapema na betri iliyo jirani yake itazeeka kwa joto.

Kitanda ndicho mshukiwa wangu wa kwanza. Geuza laptopu uangalie chini: matundu yale ndiyo pua zake. Godoro linayaziba, na nyuzi za blanketi zinavutwa ndani zinakwenda kuganda kwenye mapezi. Weka kibao, sinia, kitabu kipana, chochote kigumu kilichonyooka. Jaribu leo usiku, pima. Laptopu nyingi hushuka vizuri kwa hilo tu.

Kama una mtihani wiki hii na huna nafasi ya kuifungua, kuna njia ya Windows. Fungua mipangilio ya umeme ya zamani iliyo ndani ya Control Panel, ingia kwenye Processor power management, kisha Maximum processor state, badilisha 100% iwe 99%. Hiyo moja uliyopunguza inazima mwendo wa ziada. Prosesa yako ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na ikipata nafasi inakimbia hadi 3.4, kwenye kukimbia huko ndiko joto linakozaliwa. Ukiizuia, kazi za takwimu zitachukua muda mrefu zaidi, lakini haitapanda ikaanguka katikati ya kipindi. Ukishaisafisha, irudishe 100%.

Ukiamua kuifungua, kitu cha kwanza baada ya mfuniko ni kuchomoa plagi ya betri, kabla bisibisi haijagusa kingine chochote. Na itazame hiyo betri. Ikiwa imevimba, au umeona kipadi cha kipanya kimeinuka au mfuniko wa chini umetuna, simama hapohapo, usiichaji, usiibonyeze, mpelekee fundi. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto, na bwenini mnalala wengi.

*Salaam aleikum mama. Niko Mombasa, nimejiundia kompyuta mara ya kwanza: prosesa ya Ryzen 5 5600 na kipoozeo kikubwa cha mnara nilichonunua kando. Imewaka, lakini ndani ya BIOS tu joto linapanda hadi 90 kwa muda mfupi na inazima. Feni inazunguka. Kila kitu ni kipya. — Kijana wa Likoni*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Prosesa hiyo ni ya wati 65 na mpaka wake ni nyuzi 90. Kipoozeo cha mnara kinaimudu bila jasho hata kwa joto la Mombasa. Kupanda kwa kasi hivyo bila kazi yoyote maana yake ni mgusano. Ninavyodhani, chini ya kipoozeo bado kuna ile karatasi ya plastiki angavu ya kukinga uso wa shaba usikwaruzike. Inakuwa nyembamba na safi kiasi kwamba jicho linaipita.

Usikivute kwa nguvu kwenda juu, tafadhali. Kwenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yako, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na kifungo cha soketi hakiishiki kwa uimara wa kutosha. Pesti ikiwa imenata, prosesa inang'oka pamoja na kipoozeo na pini zinapinda. Legeza skrubu, kisha zungusha kipoozeo kidogo kulia na kushoto kikiwa bado na uvuguvugu, mpaka uhisi kimeachia, ndipo ukiinue. Toa plastiki, futa, weka pesti mpya. Ile iliyokwisha kubanwa mara moja usiirudie. Ukikuta hakuna plastiki, angalia alama ya pesti: ikiwa imesambaa upande mmoja tu, kibanio hakikukaa sawa. Wakati wa kurudisha, waya wa feni uchomeke palipoandikwa CPU_FAN, na upepo uelekee nyuma ya kasha. Upande wa feni wenye mikono ya plastiki inayoshika mota ndiko hewa inakotokea.

*Mama fundi, laptopu yangu imesafishwa na pesti imewekwa mpya na fundi ninayemwamini, lakini hata nikiiacha bila kufanya kitu inakaa nyuzi 80 na feni haipumziki. Ajabu ni kwamba nikifungua Task Manager, lile dirisha la Windows la kuonyesha programu zinazofanya kazi, niangalie, inatulia. — Msomaji, Morogoro*

Fundi wako hana kosa, na hiyo ajabu uliyoiona ndiyo jibu. Kuna programu za siri zinazotumia prosesa ya mtu kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine, na baadhi yake zimetengenezwa zijifiche mara tu zinapoona Task Manager imefunguliwa. Huingia pamoja na programu zilizovunjwa, hasa vile vijiprogramu vya kuhalalisha Windows na Office bila kulipia, ambavyo mwenye kukupa hukuambia uzime kinga kwanza ndipo uviweke.

Hakikisha hivi. Fungua HWMonitor peke yake, uache laptopu itulie, uangalie joto na matumizi ya prosesa. Kisha fungua Task Manager huku ukitazama. Vikishuka vyote viwili papo hapo, na ukiifunga vikapanda tena, shaka imekwisha. Kata intaneti. Nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje, usinakili faili za kusakinisha programu. Halafu fungua Windows Security, nenda kwenye Scan options, uchague ule ukaguzi wa nje ya Windows, Microsoft Defender Offline. Laptopu itajizima na kujiwasha, ikague kabla virusi havijapata nafasi ya kuamka. Ikishindikana, hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa dawa halali, kwa kufuta diski yote na kutumia faili ulizozipakua Microsoft wenyewe. Baada ya hapo badilisha nywila za barua pepe yako na za benki ukitumia kifaa kingine, kwa sababu aliyeweza kuingiza programu hiyo ameweza pia kusoma ulichokuwa unaandika. Office ikikulemea bei, LibreOffice ni ya bure na inafungua hati za Word.